Mlinzi wa Mikoba

Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, Nalepo alibaki kwenye benchi pamoja na mikoba. Wanawake wa parishi ya Mtakatifu Tito, pembezoni mwa mji wa Kilosa, walipoinuka kwenda mbele kupokea mkate na divai, waliiweka mikoba yao pale alipoketi, na kila mmoja alimnong'oneza akipita, "Mama Moringe, nitupie jicho hapo." Naye alitupa jicho. Alikuwa amebatizwa, nyimbo alizijua na Sala ya Bwana aliisali bila kukwama. Lakini hakuwa amepata kipaimara, na bila kipaimara hakuna kwenda mezani.

"Nimechoka kuwa askari wa mikoba," alimwambia rafiki yake Editha siku moja wakitoka kanisani. "Mwanangu anafanya kazi hii kule Mikumi, wamempa na koti. Mimi hata koti sina."

"Subiri Askofu aje," Editha akamjibu.

"Nasubiri. Lakini akija, sitabaki kwenye benchi tena. Nakuambia mapema ili usishangae."

Editha hakushangaa. Urafiki wao wenyewe ulikuwa umeanza kwa ubishi. Miaka kadhaa nyuma, wakati wa masika, ng'ombe wa Nalepo walivunja ua na kuingia katika shamba la mahindi la Editha kule Mvumi, mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Anayeijua Kilosa anajua jambo kama hilo kati ya wafugaji na wakulima linavyoweza kuishia kwa damu. Wengine wangewaswaga ng'ombe haraka na kukana kwamba walifika pale. Nalepo, mjane aliyebaki na mifugo na mtoto mmoja wa kiume, aliwatoa ng'ombe, kisha akarudi kusimama katikati ya mabua yaliyovunjika mpaka wenye shamba walipofika. Kaka zake Editha walikuja na mapanga.

"Ng'ombe ni wangu," aliwaambia kabla hawajauliza. "Wamekula, nimeona kwa macho yangu. Mwenye hasira aanze na mimi, wao hawana akili."

Kaka mmoja aliinua panga, lakini akakosa pa kulipeleka. Editha akaangua kicheko, akasema mwanamke huyo ana kichwa kigumu kuliko kisiki cha mninga. Wakakubaliana kwamba Nalepo atafidia kwa maziwa. Kila asubuhi alipanda bodaboda na vidumu vyake, akapeleka maziwa nyumbani kwa Editha mtaa wa Mabwerebwere, mpaka mahindi mengine yakakomaa. Deni liliisha ila safari hazikuisha. Jumapili moja alimkuta Editha amevaa, Biblia mkononi, akamfuata tu kuona anakokwenda. Hivyo ndivyo alivyoingia kanisani.

Habari za ziara ya Askofu zilipotangazwa, Mchungaji Amon alifungua darasa la kipaimara. Wanafunzi wengine wote walikuwa watoto wa shule. Nalepo alikaa nao benchi moja, magoti yakigusa ubao wa mbele. Hakujua kusoma, kwa hiyo alishika Imani ya Mitume kwa kuisikia, na akiwa machungani aliikariri kwa sauti mbele ya ng'ombe. Watoto walimwita Bibi. Mmoja alimuuliza kwa nini anajisumbua na hali ni mzee.

"Wewe ukila chakula nyumbani, bibi yako anabaki mlangoni?"

"Hapana."

"Basi hata mimi."

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, walifanya mazoezi. Mama Magreth, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, alipita mbele ya watoto waliojipanga akikagua soksi, mikunjo ya mashati na usafi wa kucha. Mama Magreth hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kwamba mahali fulani watoto walikwenda mbele ya Askofu na kandambili, na jambo hilo likasemwa dayosisi nzima. Aliapa kwamba la Mtakatifu Tito halitasemwa. Kila mwanamke na kila msichana angevaa nyeupe, na kila kichwa cha kike kingefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokishona yeye mwenyewe.

Nalepo alikuwa amejifunga shuka jeupe, jipya kabisa, na shanga zake shingoni. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa na kupakwa mafuta, kinang'aa.

"Shuka nimekubali," alisema Mama Magreth. "Shanga nazo nimezifumbia macho. Haya, chukua kitambaa chako."

"Kizuri. Umekishona vizuri sana. Lakini sitakivaa."

"Unasemaje?"

"Askofu si ataweka mkono kichwani?"

"Ndiyo."

"Basi auweke kichwani."

Watoto wakaanza kucheka, wakakatazwa. Nalepo akaeleza, taratibu, maana aliona mwenzake hakuelewa. Kwao mtoto haamkii kwa mdomo peke yake. Huja mbele ya mkubwa, huinamisha kichwa, na mkubwa huweka kiganja juu ya utosi. Mwenye kofia huivua, mwenye shuka kichwani hulishusha, kwa sababu mkono wa baraka hugusa ngozi. Kuinama na kichwa kilichofunikwa ni kama kumwambia mkubwa, mkono wako siutaki.

"Akigusa kitambaa, amebariki kitambaa," alimaliza. "Tena kitambaa chenyewe ni chako, kwa hiyo baraka utarudi nayo wewe kabatini."

Sasa hata Mchungaji Amon alilazimika kukohoa ili asicheke. Lakini Mama Magreth alimgeukia akiwa amekunja uso.

"Mchungaji, Mtume Paulo ameandika kuhusu wanawake na vichwa vyao. Au tumwache kila mtu aje na desturi ya kwao? Kesho Wavidunda nao waje na yao?"

Mchungaji Amon alikuwa kijana, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumpokea Askofu. Alimtazama Nalepo kwa huruma, kisha akatazama chini. "Mama Moringe, ni utaratibu wa parishi. Bila kitambaa, hakuna kipaimara. Naomba unielewe."

"Nimekuelewa, Mchungaji. Kesho nitakuja."

"Na kitambaa?"

"Nitakuja," akasema tena, akaondoka.

Jioni hiyo simu yake ililia. Alikuwa Moringe, mwanawe, mlinzi katika hoteli moja ya wageni kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Nyuma yake yalisikika malori yakipita na vijana wakicheka.

"Takwenya, yeyo," alimwamkia mama yake.

"Iko," akaitikia. "Kuna nini?"

"Nasikia kesho unampa kichwa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyo askofu wenu. Wanasema ni rika letu kabisa. Angezaliwa kwetu, yeye ndiye angekuja kukuinamia."

"Tena angeinama vizuri kuliko wewe."

"Yeyo, wenzangu hapa getini wananicheka. Wananiuliza, mama yako akishainamia vijana, na wewe ukienda nyumbani utamwekea mkono kichwani?"

"Jaribu."

Kwenye simu likasikika lori moja, kisha jingine.

"Sikusema nitafanya hivyo," Moringe alisema kwa sauti ya chini.

"Sikiliza. Yule kijana hana cha kwake cha kunipa. Ametumwa. Wewe ukitumwa na mwenye hoteli ukamwambie mgeni asipite, mgeni hakuulizi umri wako. Njoo kesho uone mwenyewe. Ukiona cha kucheka, cheka ukiwa mbele yangu."

Akakata simu. Alikaa kitambo akipapasa utosi wake. Kwa upande mmoja walimtaka afunike kichwa, kwa upande mwingine walimtaka asikiinamishe, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kichwa chenyewe kina mwenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Nyuma ya mlango waliweka vitu vya mnada wa baada ya ibada: kuku waliofungwa miguu, mikungu ya ndizi, trei za mayai na kidumu cha maziwa cha Nalepo. Moringe alifika na shuka lake jekundu, kofia kichwani na rungu mkononi, na kwa kuwa hakujua pa kukaa, Editha alimvuta mkono akamketisha kwenye benchi la mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Usihame."

Wakati wa kipaimara ulipofika, majina yaliitwa na wahusika wakapiga magoti mbele ya altare, kila mmoja na msimamizi nyuma yake. Msimamizi wa Nalepo alikuwa Editha. Nalepo alipiga goti mwishoni mwa safu, kichwa wazi, mafuta yakimetameta. Mama Magreth aliinuka upesi kutoka benchi la mbele, akamfunika kitambaa utosini, akarudi kukaa. Nalepo akakivua. Hakukitupa. Alikikunja vizuri, mara mbili, akampa Editha.

Askofu alikuja akishuka katika safu, akiweka mkono kwa kila mmoja na kumwombea. Alipomfikia Nalepo, Mchungaji Amon alimsogelea na kumnong'oneza sikioni. Askofu alisikiliza. Akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, akatazama kanisa lililojaa, kisha akasema kwa upole, "Mama, tutazungumza baada ya ibada."

Akageuka. Walioombewa wakaambiwa wainuke. Watoto wakainuka, wakapangusa magoti, wakarudi kwenye mabenchi. Nalepo hakuinuka.

Kwaya ikaanza wimbo, maana wanakwaya hawakuwa wameona kilichotokea. Wakamaliza ubeti wa kwanza, wakamaliza wa pili, na yeye bado yupo sakafuni, mgongo umenyooka. Kinanda kikafifia. Kuku mmoja nyuma ya mlango alipiga kelele. Ikawa wazi kwa kila mtu kwamba Meza ya Bwana haiwezi kuandaliwa, kwa sababu pale pale alipopiga magoti ndipo watu wote wangepaswa kupita.

"Mama Moringe, inuka, tafadhali," Mchungaji Amon alinong'ona.

"Niliitwa kwa jina," Nalepo alijibu, wala hakunong'ona. "Nimekuja. Mkono sijaukataa, Mchungaji. Nimekataa nguo. Nitakuwa hapa."

"Ibada inasubiri."

"Hata mimi nasubiri. Nimesubiri kwenye benchi miaka yote hii, hapa sakafuni siwezi kushindwa."

Ndipo Editha, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mkono begani, alipofungua kitambaa chake mwenyewe. Mvi zake zilikuwa zimesukwa mistari minne isiyo sawa, za nyumbani, si za kuonyesha watu. Alivikunja vitambaa vyote viwili pamoja, akaviweka kwapani na kurudisha mkono begani mwa rafiki yake.

Askofu alirudi. Alisimama mbele ya Nalepo muda ambao ulitosha kwa watu wa nyuma kusimama ili waone.

"Kwa nini hutaki kufunika, mama?"

"Kwetu anayetaka baraka huvua. Hata Moringe yule pale, mkaidi kama alivyo, akija nyumbani huvua kofia." Akamtazama usoni. "Nimelea watoto wa rika lako. Nimewawekea mkono vichwani wengi siwezi kuwataja. Leo nimekuja kuinama mimi. Usinifanyie iwe nusu."

Askofu aliinua mikono yote miwili, akaiweka juu ya kichwa kile kilichonyolewa, ngozi kwa ngozi, akaomba Mungu amlinde mtumishi wake huyu siku zote. Nalepo aliinama. Aliinama kweli, kama binti mdogo aliyekutana na bibi yake njiani.

Askofu alipoondoa mikono, viganja vilikuwa vinang'aa mafuta. Mama Magreth, ambaye kwa vyovyote vile hakuweza kuvumilia kuona Askofu na mikono michafu, alikuwa tayari ameshafika na kitambaa kimoja cheupe.

"Acha tu, mama," Askofu alimwambia. "Ni mafuta."

Kwaya ikaimba tena, safari hii kwa nguvu. Nalepo alirudi benchi lake na kuketi kando ya mwanawe. Moringe alikuwa akitazama sakafu.

"Umeona cha kucheka?"

"Hapana, yeyo."

"Wakikuuliza getini?"

Moringe alifikiri. "Nitawaambia waje wao wajaribu kukuinua pale chini."

Meza ikawa tayari. Wanawake wa benchi la Nalepo wakaanza kuinuka, na kwa mazoea wakaisukuma mikoba yao upande wake. "Mama Moringe, nitupie ji…" mmoja alianza, akakomea hapo, kwa sababu Nalepo naye alikuwa ameinuka. Mikoba ikabaki mikononi mwa wenyewe. Mama Magreth, aliyekuwa akipita na mkoba wake mkubwa mweusi, akasimama bila kujua aupeleke wapi.

Nalepo akamwonyesha Moringe kwa kidevu. "Mwachie huyo. Kazi hiyo ameisomea."

Mama Magreth aliuweka mkoba mapajani mwa kijana. Kisha akamwinamia Nalepo sikioni. "Lakini Jumapili ijayo utafunika."

"Jumapili ijayo njoo unikumbushe," alisema Nalepo, akaingia katika mstari.

Wengine nao wakaiweka mikoba yao, mmoja juu ya mwingine, mpaka Moringe akaonekana kichwa tu. Alivua kofia yake, akalisukuma rungu chini ya benchi, akaikumbatia mikoba yote na kukaa wima kama yuko getini Mikumi. Mama yake hakugeuka kumtazama. Alikuwa anakwenda mezani.