Risasi Ndogo Begani mwa Pongo

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine mtakaosoma, nimewasikia mkibishana. Mmoja wenu ana simu, anaonyesha video ya Mzungu amelala kifudifudi kwenye majani, anampiga paa mkubwa kwa bunduki ndogo, paa anaanguka palepale. Mkashangilia. "Bibi, umeona? Kumbe risasi ndogo inatosha!" Nimeona. Ila sijaona wale ambao hawakuanguka. Hao hata mwenye video hawezi kuwaonyesha, maana na yeye hajui walikokwenda kufia.

Mimi sijawahi kupiga bunduki, na shule niliishia darasa la nne. Lakini kila mnyama ambaye babu yenu ameleta nyumbani tangu anioe, ni mimi niliyemchuna na kumkata. Mwenye bunduki anajua alipolenga. Mwenye kisu anajua risasi ilipofika. Kwa hiyo tulieni niwaambie.

Babu yenu alikuwa na bunduki mbili, zote zilikuwa na karatasi zake. Ya kwanza ni kubwa, risasi yake ni ndefu kupita kidole changu cha kati. Hiyo ndiyo ya pongo na nguruwe pori, na kila msimu alikuwa anaikatia kibali. Ya pili ni ndogo, risasi yake nzima haizidi kiungo kimoja cha kidole, na kile kichwa chake cha risasi ni kama punje ya hindi. Hiyo ilikuwa ya kanga, na ya kuwatisha ngedere wanaotumaliza mahindi shambani kwetu Lusewa. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, alikuwa hamalizi kumpa kibali bila kumkumbusha: "Mzee, ile ndogo ni ya kanga. Kwa pongo usiiguse." Na babu yenu alikuwa akimjibu: "Hayo nayajua wewe hujazaliwa."

Lazima niseme haki, hata kwa risasi. Ile kubwa inaharibu nyama. Ikipita begani unakuta damu imevilia pande zote, kipande kama sahani nzima unakata unatupa. Ile ndogo haichafui. Kanga aliyepigwa nayo unampika mzima, unatafuta tundu hulioni. Ndiyo maana watu wanaipenda: haina kelele, haina teke, haipotezi nyama. Mimi mwenyewe, nikiwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu, jikoni, nimewahi kulalamika, "Laiti mzee angempiga kwa ile ndogo, leo tungekuwa na bega zima." Nililisema hilo kwa kinywa changu, na babu yenu alikuwa anasikia. Nalitaja ili msidhani kosa lilikuwa la mtu mmoja.

Na jambo jingine mlijue, maana ndilo lililotufikisha pale. Kwetu mnyama akiingia nyumbani hakatwi hovyo. Ini na moyo ni vya mwenye bunduki. Mkono wa mbele wa kulia, pamoja na bega lake, ni wa dada yake mkubwa. Huyo ni wifi yangu, anakaa nyumba mbili nyuma ya hii yetu hapa Majengo. Mama yao alifariki babu yenu akiwa bado anabebwa, na wifi ndiye aliyembeba. Hajawahi kukosa mkono wake. Nikichelewa kuupeleka, anakuja kuudai mwenyewe.

Sasa, mwaka juzi kipindi cha kiangazi babu yenu alikwenda Lusewa kama kawaida. Akarudi siku ya pili mikono mitupu. Nikamuuliza, "Vipi huko?" Akasema, "Sikuona kitu." Nikampa maji ya kuoga, nikaweka ugali, akala matonge matatu akaacha. Niliona ni uchovu. Lakini miezi ikapita, mtu akisimulia habari za pori yeye anainuka kwenda kuangalia kuku. Kuku wenyewe hawakuwa na shida yoyote. Ninyi wajukuu mlipomsalimia asubuhi, "Shikamoo, mwindaji," kama mlivyozoea tangu mnajifunza kusema, aliitikia "Marahaba" huku anatazama chini. Niliyaona hayo yote, sikuuliza. Nilidhani uzee ndio unamwingia hivyo.

Mwaka jana, kiangazi tena, akachukua kibali na akaondoka na ile kubwa. Nikamwambia, "Mzee, na bega lako hilo?" Maana bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kumsumbua, hata shati alikuwa anavaa kwa kuanza na mkono huo. Akasema, "Safari hii lazima." Sikubishana naye. Mama mkwe mdogo, aliyeolewa na baba mkwe baada ya mama yao kufariki, alinifundisha kwamba mume akienda porini usimtume na ugomvi mgongoni.

Alirudi Jumamosi, jua likiwa limeshapanda, amepanda kirikuu, kigari kidogo cha mizigo cha jirani yetu wa shambani. Nyuma amelazwa pongo dume mwenye pembe nzuri, madoa yake meupe ubavuni yanaonekana kwa mbali. Watoto wakapiga kelele. Yeye hakucheka. Alishuka akijishikilia kwa mkono wa kushoto, akaketi kwenye kigoda ukutani, akasema, "Mchune wewe mwenyewe. Usimwachie mtu."

Tukatandika majani ya mgomba uani, mimi na mkwe wangu, tukaanza. Risasi kubwa ilikuwa imeingia ubavuni upande wa kushoto, safi, mnyama hakuteseka, naweza kusema hivyo kwa sababu nimeona mapafu. Lakini tulipofika mkono wa kulia, ngozi ikagoma. Ilikuwa imeshikana na nyama kama kovu la moto. Nikapitisha kisu taratibu. Pakapasuka, ukatoka usaha, na harufu iliyomfanya mkwe wangu ainuke akatapike karibu na choo. Nyama ya bega lote ilikuwa imesinyaa, ya kijivu. Mnyama huyu alikuwa hatumii mguu ule. Nikaingiza kidole ndani ya kile kifuko. Nikakuta kitu kigumu. Nikakiosha kwenye beseni.

Kilikuwa kama punje ya hindi.

Nikamtazama babu yenu. Alikuwa ananitazama muda wote, wala hakuuliza nimepata nini. Nikamwambia mkwe wangu, "Nenda kachote maji bombani kwa jirani," na ndoo zetu zilikuwa zimejaa. Ana akili yule, alichukua ndoo akaenda.

"Ni yako?" nikauliza.

"Ni yangu."

"Ulisema hukuona kitu."

"Nilimwona. Mwaka juzi. Nilichukua ile ndogo. Bega, mke wangu. Ile kubwa ikinipiga teke nalala nalo siku tatu, na niliona aibu kukuambia. Nikasema nitasogea karibu, nitampiga shingoni, aanguke bila kuharibu nyama. Nilipovuta, mkono ukatetemeka. Akaruka, akaenda kwa miguu mitatu. Nikafuata damu mpaka mtoni. Nikavuka, sikuona damu tena."

"Ukarudi."

"Nikarudi. Nikala ugali wako."

Kwa mwindaji wa nyumba hii hakuna neno zito kuliko hilo. Kila mtu hapa anajua: mnyama uliyemjeruhi ni wako mpaka umalize. Hutakiwi kurudi nyumbani ukamwacha anaoza akiwa hai. Na yule alikuwa ameoza akiwa hai mwaka mzima, anachechemea kwenye vichaka vilevile, mpaka babu yenu alipomrudia na bunduki iliyokuwa inamuumiza. Alimtambua kwa mguu. Kumbe hakwenda kutafuta nyama. Alikwenda kumtafuta huyo.

Nikamvua shati. Bega lake lilikuwa jeusi kutoka shingoni hadi karibu na kiwiko, limevimba. Nikaweka maji motoni, nikatia chumvi, nikachukua kitambaa nikaanza kumkanda. Hakulia, lakini miguu yake ilikuwa inakwaruza chini kama ya mtoto anayechomwa sindano. Nilitaka kumgombeza. Maneno nilikuwa nayo, mengi. Nikayaweka.

Ndipo tukasikia mlangoni:

"Hodi! Nimesikia kirikuu toka asubuhi. Mkono wangu uko wapi, wewe mwanamke, au umeshautia sufuriani?"

"Shikamoo, wifi. Karibu."

"Marahaba. Usinikaribishe kwa maneno, nikaribishe kwa nyama. Miaka yote hii nawaambia huyu alioa mchoyo, hawanisikii."

Akaingia anacheka. Lile bega nililifunika kwa jani. Nilishafikiria la kusema: kwamba mbwa wa shamba aliliiba, au lilianguka njiani. Wifi ana mdomo. Akijua yeye, jumuiya nzima ya sala itajua kabla ya ibada ya kesho, na jina la babu yenu ambalo amelijenga tangu ujana lingekwisha kwa punje moja. Nikafungua kinywa.

Babu yenu akanitangulia. "Dada, mkono wako umeoza. Nimeuozesha mimi." Akaninyooshea kiganja, nikampa ile risasi, akampa dada yake.

Wifi aliigeuzageuza. Macho yake si mazuri, aliisogeza karibu na pua. "Hii si ile ya kanga?"

"Ndiyo yenyewe."

Akamweleza yote, tangu mtoni. Wifi alimsikiliza bado ameishika ile punje. Babu yenu alipomaliza, wifi akasema, "Marehemu baba alimfuata mnyama wake siku tatu, akarudi bila viatu. Wewe ulirudi kula ugali."

"Ndiyo, dada."

"Na mwaka mzima umekaa na jambo hili peke yako?"

"Ndiyo."

"Mjinga." Lakini alilisema taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akaninyang'anya kitambaa. "Toka wewe, unamkanda kama unafua jinzi." Akakaa nyuma yake, akaanza kumkanda yeye, na akawa anafanya vizuri kuliko mimi, nakubali. Baada ya muda akasema, "Nikatieni shingo basi. Mkono wangu utakuja mwaka ujao."

"Hakuna mwaka ujao, dada," babu yenu akasema. "Kubwa siiwezi, na ndogo haimwezi pongo. Jumatatu nazipeleka zote polisi, wazichukue."

"Kwa hiyo mimi nitakula likolo, mboga za majani tu, mpaka siku ya kufa?"

"Utakula kuku."

"Kuku wa huyu mchoyo? Labda aibiwe." Tukacheka sote watatu. Babu yenu alicheka mpaka akashika bega.

Basi vijana, mnaniuliza kama risasi ndogo inamuua pongo. Inamuua. Mnyama akiwa karibu, amesimama, mkono hautetemeki, na punje ikaingia mahali pake. Niambieni, ni mwindaji gani anayepewa hayo yote kwa siku moja? Babu yenu alikuwa mlengaji hodari kuliko wote niliowaona, na hakupewa. Risasi kubwa inasamehe kidogo mkono uliokosea. Ndogo haisamehe, na anayelipa ni mnyama. Sahani ya nyama iliyovilia damu, niliyokuwa naikata na kuitupa, ni afadhali mara mia kuliko bega lile nililolifukia nyuma ya choo, na mkwe wangu akamwaga majivu juu yake.

Wifi alipoondoka na shingo yake kwenye karai, nilidhani mambo yamekwisha. Babu yenu akabaki kwenye kile kigoda, anatazama pembe za pongo. Akaniita.

"Hawa watoto," akasema, "sasa wataniitaje?"

Nilinawa mikono, nikawaita wote wa nyumba hii waje uani: mtoto wangu, mkwe wangu, na ninyi wajukuu. Mkasimama mstari, mmoja bado ana simu mkononi, nikamwambia aiweke mfukoni. Nikawaambia hivi, na wala sikupaza sauti:

"Kuanzia leo hakuna mtu wa nyumba hii kumuuliza babu lini analeta nyama. Ukitaka nyama, njoo kwangu, nitachinja kuku. Hakuna mtu kushika bunduki ile ndogo kabla ya Jumatatu, hata kuifuta vumbi. Na asubuhi mkiamka, nyote, mkubwa kwa mdogo, mtamsalimia vilevile kama siku zote: Shikamoo, mwindaji."