Prosesa ya Binti wa Gidamis

Nimemfahamu Gidamis miaka ishirini na sijampenda hata mwaka mmoja. Nasema mapema ili msomaji asije kunishangaa mbele ya safari. Ni mfugaji wa huko Dirma, mrefu, mkavu, shuka begani na fimbo mkononi, na hajui kusoma hata jina lake. Mimi ni Modest, mtu wa Maretadu niliyehamia Katesh, hapa Hanang, dalali wa ng'ombe mnadani. Kazi yangu ni kumpatanisha muuzaji na mnunuzi, kisha nile kidogo hapo katikati. Kwa Gidamis sikuwahi kula hata senti.

Alikuwa na kanuni moja tu. Mnyama anayesifiwa na mwenyewe, anampita. Mnyama anayepondwa na mwenyewe, huyo anamnunua. Aliamini kwamba mtu akimsema vibaya ng'ombe wake, hataki kumwachia. Ni shida tu imemleta mnadani. Mwaka fulani nilimnong'oneza kwamba mtamba mmoja ni tasa, maana nilitaka kumchukua mwenyewe kwa bei ya kutupa. Gidamis alinitazama, akacheka, akamlipia pale pale. Yule mtamba amemzalia ndama watano. Kila ndama alipozaliwa, Gidamis alipita kijiweni kwetu kunipa taarifa mbele ya madalali wenzangu. Walicheka, na mimi nilicheka nao huku roho ikiniuma.

Ana binti, Doris. Mtoto ana adabu, akikuona hata ng'ambo ya barabara anavuka kuja kukuamkia. Alisomea upimaji wa ardhi, akarudi nyumbani na cheti, akakaa miaka miwili akichunga ndama wa baba yake. Mwaka juzi kampuni moja ikapewa kazi ya kuchora ramani ya kijiji chao: wapi pawe mashamba, wapi malisho, wapi ng'ombe wapite kwenda kunywa maji lambo wakati wa kiangazi. Picha zilishapigwa na droni. Kuchora kulitolewa kwa vijana wanaofanyia nyumbani, kila mmoja kwa laptop yake, siku kumi na nne na si zaidi. Doris akapewa kijiji chake mwenyewe. Angemaliza vizuri angeajiriwa. Na mtoto wa mfugaji ndiye angeuweka mstari wa njia ya ng'ombe, si mtu baki.

Kampuni ilimwita Babati kwa mafunzo, kwa hiyo aliyebaki kununua laptop ni baba yake, siku ya mnada, akishauza dume. Simu ya Gidamis ni ya kupokelea tu. Doris akanitumia meseji mimi.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba umsindikize mzee dukani kwa Kelvin. Kuna laptop mbili. Achukue ile ya bei kubwa, yenye prosesa ya kasi. Ile nyingine haiwezi picha za droni, itakwama. Nakuomba sana baba."

Niliisoma mara mbili, nikairudisha simu mfukoni.

Kelvin alizipanga laptop mbili juu ya meza. Zote nyeusi, ukubwa mmoja. Gidamis alizinyanyua moja moja, akazipima mkononi, akazikagua upande wa chini.

"Zinafanana," alisema.

"Kwa nje, mzee. Tofauti iko ndani. Hii prosesa yake ina kasi."

"Prosesa ni kitu gani?"

"Ndiyo inayofanya kazi yote humo ndani. Ikiwa dhaifu, mashine inachoka upesi."

Tofauti ya bei ilikuwa sawa na dume lingine, na dume lingine alikuwa nalo, limefungwa mnadani linasubiri. Gidamis aliweka kiganja juu ya ile ya bei ndogo. "Na hii ina ubaya gani?"

Kelvin ni kijana mkweli, na ukweli wake haujui kuchagua mtu. "Hiyo usichukue, mzee. Nakuambia kama baba yangu. Ni nzito, inagandaganda. Mimi mwenyewe siipendi."

Nikaona macho ya Gidamis yamechangamka.

"Modest, umemsikia? Anaiponda."

"Nimemsikia."

"Anaitaka mwenyewe."

Kelvin alinigeukia ili nimsaidie. Neno moja tu lingetosha, au ningeisoma ile meseji kwa sauti, basi. Badala yake nilisema, "Mzee, mimi ni nani nikufundishe wewe kununua?"

Akalipia ile ya bei ndogo. Akatoka dukani kifua mbele, laptop kwapani, akanicheka na mimi kwa sababu eti sijui biashara. Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi kuliko siku niliyopata mtoto wa kwanza. Doris nilimkumbuka, nikamweka pembeni, na hilo ni baya kuliko kumsahau.

Doris aliporudi aliiwasha, akaijua siku ile ile. Picha moja ilifunguka kwa muda wa kupika ugali na kuula. Akivuta mstari, mashine inaganda. Akiizima na kuiwasha, mstari haupo. Alimpigia magoti baba yake wairudishe, na Kelvin alishakubali waongeze tu tofauti. Gidamis akakataa. Mnyama akishatoka geti la mnada harudishwi, alisema, na anayerudisha anachekwa mpaka anakufa. Mama yake Doris, Kornelia, akajaribu kuomba, akaambulia matusi. Doris akajaribu kwa wenye steshenari hapa Katesh, lakini mashine zao zilikuwa za kuchapia barua na kadi za harusi. Siku ya kumi na moja Doris alikuwa amemaliza vipande viwili kati ya tisa. Kampuni ikamnyang'anya kazi, ikampa kijana mmoja wa Dar es Salaam anaitwa Joseph, ambaye Hanang anaisikia kwenye taarifa ya habari.

Yote haya nilielezwa na Kelvin, kwa sababu Doris alipita kwake kuuliza kama anaweza kuinunua tena ile laptop. Alilia dukani. Doris hakumwambia baba yake kwamba amenyang'anywa kazi. Angemwambiaje, wakati mzee alishatangaza kata nzima kwamba binti yake anachora nchi?

Mkutano wa kijiji uliitishwa mwezi wa pili. Sina nyumba wala shamba kule. Nilikwenda kuangalia.

Ramani ilitundikwa kwenye ukuta wa darasa, na mtaalamu aliyekuja nayo akaisoma haraka haraka, hekta hizi, hekta zile. Nilisogea karibu. Njia ya kwenda lambo haikuwepo. Picha zilipigwa baada ya mvua, nyasi zimeifunika njia, na Joseph aliona kijani tu, akapaka rangi ya njano kutoka barabarani mpaka kwenye maji. Njano ni mashamba. Wakulima waliosoma waliliona hilo mara moja, wakanyamaza, wakatazama chini. Wafugaji waliona rangi nzuri.

"Kuna mwenye pingamizi?" mtaalamu aliuliza.

Gidamis akasimama. Nilidhani kuna mtu amemtonya, kumbe amesimama kujisifu.

"Ndugu zangu," alisema, "hii ramani mimi sijui kuisoma. Lakini aliyeichora namjua, maana nimemzaa. Binti yangu anaijua ile njia ya lambo, amepitisha ng'ombe humo tangu hajaota meno ya pili. Nyoosheni mikono, mtu asiogope."

Wafugaji wote wakanyoosha, na wakulima wakawahi kabla upepo haujageuka. Nilimtafuta Doris. Alikuwa nyuma kabisa kwenye dirisha, kanga mdomoni, anatikisa kichwa. Mwenyekiti akahesabu, mtendaji akaandika, mtaalamu akakunja karatasi zake.

"Doris, njoo," Gidamis aliita. "Njoo uwaonyeshe wazee njia yetu."

Alikuja. Alisimama mbele ya ukuta na hakuinua mkono.

"Haipo, baba."

"Haipo vipi?"

"Sikuichora mimi. Walininyang'anya kazi, niliogopa kukuambia. Ile mashine haikuweza."

Mzee mmoja wa ukoo wao akauliza kwa Kibarabaig, lugha yao, ikabidi jirani yake amweleze taratibu, na alipoelewa alikaa chini sakafuni. Gidamis alimwendea mtendaji, akamwambia afute. Mtendaji akamjibu kwamba mkutano umeshapitisha, na aliyeshawishi ni yeye mwenyewe. Ndipo akanigeukia mimi. Sijawahi kumwona amepungua kiasi kile.

"Modest, tulikuwa wote mle dukani. Ulijua haitaweza?"

"Nilijua," nikamwambia. "Mtoto aliniandikia nikuambie."

Miaka ishirini nilingoja niuone uso ule, na nilipouona haukunifaa kitu. Gidamis hakulia. Aliyelia ni Doris, kapiga magoti pale chini ya ramani anamwomba baba yake msamaha, na mimi hakuwahi kunikosea hata salamu.