Mama Mmoja Alipima Dirisha Langu Nikiwa na Taulo

Natoka bafuni na taulo tu, nakuta familia nzima chumbani kwangu.

Mama mtu kashika futikamba, anapima dirisha. Baba kafungua kabati langu. Binti yao kakaa kitandani kwangu, anajaribu godoro!

"Samahani binti," akasema mzee Verlyn, mwenye nyumba wetu, akigeukia ukutani. "Nilimwambia Jolene tunakuja saa nne. Akasema unajua."

Sikuwa najua chochote. Nikadhani Jolene kasahau.

Jolene ni shosti wangu. Miaka miwili tumepanga pamoja nyumba hii ya mbao, nyuma ya maktaba ya chuo.

Sasa, mji wetu huu wa chuo, hapa Iowa, Marekani, una vituko vyake. Nyumba za Agosti ijayo zinagombaniwa Oktoba hii. Ukizubaa, zinazobaki ziko huko mbali kwenye mashamba ya mahindi, na bila gari hufiki darasani.

Mimi siendeshi gari. Nina kifafa, na basi hapa halipo. Nikiikosa nyumba hii, na chuo nimekikosa.

Ndiyo maana tangu Septemba nilikuwa namsumbua Jolene tusaini mkataba. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Tulia shosti, nimeshaongea na mzee. Tunabaki."

Nikamuuliza mzee Verlyn, "Kwani sisi hatubaki?"

Akakuna kichwa. "Jolene anabaki. Wewe si unarudi kwenu shambani? Huyu binti kasaini jana. Leo wamekuja kupima pazia tu."

Nikavaa gauni haraka haraka, nikashuka jikoni.

Jolene alikuwa anapaka mkate siagi. Hakuinua macho.

"Kwa hiyo umenizunguka?"

"Punguza sauti Annika, kuna wageni."

"Wageni wako chumbani kwangu, Jolene!"

Akaanza kulia. Mimi nikazidi kuwaka.

"Ukianguka, wewe hukumbuki kitu," akasema. "Mimi ndiye ninayekumbuka. Ile siku ya bafuni, damu ile..."

"Ungesema umechoka! Ningetafuta mtu mwingine mapema, ningekuelewa!"

"Sijachoka! Nimeombwa."

"Na nani?"

Akafuta machozi kwa mkono wenye siagi. "Mama yako."

Nikacheka. Kweli nilicheka, maana niliona kanitungia uongo wa kitoto.

"Ananipigia kila wiki, analia, anaogopa utaanguka ufe huku," Jolene akaendelea. "Anasema akikwambia urudi utakataa, mtagombana. Lakini ukikosa nyumba, utarudi mwenyewe."

Mama yangu! Huyu huyu aliyenibebea masanduku mpaka juu, akanikumbatia, akasema, "Kasome mwanangu, usiogope kitu."

Nikampigia hapo hapo. Sikumwambia ninachojua.

"Mama, nimekosa nyumba."

"Maskini mwanangu, pole!" Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Usilie. Huenda Mungu ana sababu zake. Rudi tu nyumbani."

"Mama, Jolene kaniambia."

Nilimsikia anavuta kiti, anakaa.

Nilisubiri aseme samahani. Hata angekana, ningeshukuru.

"Chumba chako nimeshakipaka rangi," akasema taratibu. "Ile ya njano, uliyoipenda ulipokuwa mdogo."

Nikakata simu. Inauma, jamani, sijawahi kuumia hivyo, hata nikipasuka kichwa sakafuni.

Mkataba wangu unaisha Julai. Bado natafuta chumba, mlango kwa mlango, kwa miguu. Jolene naye tunapishana jikoni bila salamu.

Somo? Adui akitaka kukutoa kwenye nyumba, utamwona akija. Wanaokupenda wanakutoa huku wanakupigia simu kuuliza kama umekula.