S.L.P. Hatuna

Majina yao nayahifadhi, makosa yao siyahifadhi. Wa kwanza ni mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la tano. Wa pili ni wenzangu, darasa zima.

Alitufundisha barua rasmi. Juu kulia unaweka anwani: S.L.P., namba ya sanduku la posta, chini yake mji. Mimi nililelewa na bibi, kijijini Kaole. Barua kwetu haikuwahi kufika, na sanduku tulilokuwa nalo ni la kuwekea kanga. Mwalimu alikuwa amesema barua rasmi haidanganyi. Basi nikaandika: S.L.P. Hatuna, Bagamoyo.

Alinipa mbili kwa kumi. Lile neno akalizungushia duara jekundu, kisha akaibandika karatasi kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa ofisi, ili shule nzima ione mtu asiyefikiri. Kufika mapumziko nilikuwa sina jina.

"Kwenu mna chumvi?" mmoja anauliza.

"Hatuna!" wanaitikia wote.

"Mna akili?"

"Hatuna!"

Siku ya tatu niliwahi shuleni kabla ya namba za asubuhi, nikaenda kuibandua. Uji ulikuwa umekauka ukashika. Nilivyovuta, karatasi ikachanika, ikabaki kona ya juu kulia, na neno lenyewe mle ndani ya duara lake. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Sikurudi tena shule. Mpaka leo nakaanga mihogo hapa Dunda, mjini Bagamoyo, na yule mwalimu, sasa mstaafu, hupita mezani kwangu. "Hatuna, mihogo ipo?" Nami namjibu, "Shikamoo, mwalimu." Miaka yote hiyo namwamkia.

Mwaka jana, asubuhi moja, nikamkuta mwanangu wa mwisho, wa darasa la sita, amekaa kizingitini na kiatu kimoja mguuni.

"Mama, mimi siendi."

"Unaumwa?"

"Wametubandika."

Mtihani wa hesabu. Tisa kwa hamsini. Sauti ile naijua, ni ya mtu anayeacha shule. Nilimvalisha kiatu cha pili kwa mkono wangu, karai nikamwachia jirani, tukaenda.

Karatasi zilipangwa koridoni, wa kwanza juu, wa mwisho chini karibu na sakafu. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alikuwa anaipiga picha ya juu kabisa. Nilipoanza kulalamika akanigeukia.

"Muache mwalimu abandike, shoga. Wangu kasoma mpaka macho yamevimba, asionekane?"

Wangu angekuwa juu, na mimi ningesimama palepale na simu yangu.

Mwalimu wa darasa alikuwa binti mdogo, mpole. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuomba ya huyu uitoe."

"Tunabandika wapate ari, mama. Nikitoa ya mmoja, wote watataka."

"Basi toa zote."

"Siwezi, mama."

Nikachuchumaa. Safari hii ilikuwa selotepu, si uji. Ilitoka nzima.

Mwalimu mkuu akaitwa. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, umebandua kazi ya shule mbele ya wanafunzi. Mtoto haingii darasani mpaka uandike barua ya kuomba radhi. Barua rasmi." Akanisogezea karatasi na kalamu.

Mkono wangu ukagandia juu kulia. Kengele ikalia, wenzake mwanangu wakaingia darasani, yeye kabaki mlangoni ananitazama. Nikikosea hapa, nilijua, harudi tena. Akaja akaniinamia sikioni.

"Mama, weka tu sanduku la shule. Kila mtu huweka hilo."

Kila mtu! Kumbe darasa zima lililonizomea lilinakili namba ya sanduku la shule, aliyoiandika mwalimu ubaoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sanduku kwao.

Nikaandika: S.L.P. Hatuna, Bagamoyo. Yah: Kuomba radhi. Nikaomba radhi kwa kubandua bila ruhusa. Kwa mengine sikuomba.

Mwalimu mkuu akasoma, akarudi juu. "Mama, hapa kwenye anwani..."

"Ndivyo ilivyo, mwalimu. Hatuna."

Mwanangu akacheka, kidogo, mkono mdomoni. Mwalimu mkuu akamtazama yeye, akaitazama barua, akaitia kwenye faili. "Nenda darasani," akamwambia.

Nilibaki nje ya dirisha la darasa lao, ile tisa nimeikunja ndani ya kanga, nangoja nisikie nani ataanza kumwita Tisa. Mwalimu alikuwa anaita mahudhurio. Majina yakapita, moja baada ya jingine. Lilipofika la kwake, lilikuwa lilelile nililompa mimi, naye akaitikia.