Ikiwa Mbaya, Ubaya Wake Peke Yake

Nianze na chai, maana chai ndiyo iliyoniuma zaidi. Wageni wa elimu walikuja shuleni kwetu, huku upande wa Kaole, kuona jinsi darasa la sita linavyofundishwa hadithi za Wagiriki wa kale. Somo hilo nililianzisha mimi. Aliyesimama mbele ya wageni akalifundisha ni mwalimu wa taaluma, na mimi nikatumwa kuchemsha chai. Nilipoingia na sinia akaonja, akakunja uso mbele ya watu wote.

"Mama, sukari kidogo hii."

Nikarudi jikoni kuongeza, na huku nyuma nikamsikia akiwaambia, "Mbinu hii nimeibuni mwenyewe."

Kuibuni! Mtu huyo huyo alikuwa akinicheka ofisini kila siku kwamba nawajaza watoto mashetani ya Ulaya. Kisha akaanza kuja kukaa nyuma ya darasa langu, simu mezani, akinirekodi. Mjinga mimi, nilidhani hadithi zimemkolea.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo mjini. Nimelelewa na bibi asiyelala bila kusimulia, wala sikujua namna nyingine ya kumpa mtoto hadithi. Kwa hiyo Wagiriki wangu waliingia kwa mlango wetu. Paukwa, pakawa. Majina yao magumu niliyaacha hukohuko kwao. Kwangu walikuwa mfalme, mfumaji, jitu la jicho moja. Na mwishoni nilifunga kama bibi alivyofunga: hadithi yangu imekwisha, ikiwa nzuri, uzuri wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya wangu peke yangu. Wanafunzi wangu hawakukubali mtu aketi kabla hajayasema hayo. Bibi alisema anayekula sifa na ale lawama.

Kuna jambo jingine ambalo simu yake haikulinasa. Watoto wa pwani hawamwachi mtu apite hadithini bila kumuuliza ukoo. Mwana wa nani? Mama yake wa wapi? Sasa kwa Wagiriki, ukiuliza ukoo sana utaumbuka, kwa kuwa huyo mkuu wa miungu yao alikuwa mzinzi wa kupindukia, na nusu ya mashujaa wao ni watoto wake wa nje. Hadithi za namna hiyo sikuzigusa kabisa mbele ya wanafunzi.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wa taaluma akanijia na sauti ya asali.

"Mama, nipe nyingine. Yenye nguvu, ya kuwaamsha watu."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikampa ile ya mtoto mchanga aliyewanyonga nyoka wawili kitandani kwake. Nikamweleza vizuri, sikumficha kitu alichouliza. Tena nikamwonya, "Watakuuliza ukoo wa mtoto. Jiandae."

"Nitatafuta kwenye simu."

"Tafuta, mwalimu," nikamwambia. "Tafuta sana."

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mbele kabisa aliketi mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee anayesalisha msikiti wa kijijini. Mimi nilichagua kiti cha pembeni, penye kivuli, nimuone vizuri mwalimu wa taaluma. Akaita paukwa, umati ukaitika pakawa. Nyoka wakanyongwa, watoto wakapiga makofi, na mimi nikasubiri. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasimama.

"Mwalimu, huyo mtoto mwana wa nani?"

Uso wa mwalimu ukang'aa, kwa kuwa jibu analo. Akalitoa lote. Kwamba mkuu wa miungu alimvizia mume wa watu aende vitani, akavaa sura ya yule mume, akaingia chumbani kwa mkewe, na kwa utamu wa mambo akaurefusha usiku. Bibi mmoja alimziba mjukuu wake masikio kwa ncha ya kanga. Mwingine akasema "Astaghfirullah!" kwa sauti ya kusikika barabarani. Hapo ndipo mwalimu alipoona nyuso za watu, akaharakisha kufunga.

"Hadithi yangu imekwisha! Ikiwa nzuri, uzuri wetu sote. Ikiwa mbaya, ubaya wangu peke yangu!"

Mzee akainuka taratibu. "Mwalimu, haya ndiyo mnayowafunza wajukuu zetu?"

"Shikamoo mzee. Samahani sana, hadithi hizi si zangu. Ni za mama yule pale."

Akaninyooshea kidole, na uwanja mzima ukageuka kunitazama. Nakiri niliogopa. Mzee akimwamini tu, somo langu limekufa siku hiyo hiyo. Lakini mzee alinitazama kidogo, kisha akamrudia yeye.

"Mbona umesema sasa hivi, kwa kinywa chako, kwamba ubaya wako peke yako?"

Watoto ndio walioanza kucheka, wazazi wakafuata. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka mashavu yakaniuma, na sijajuta mpaka leo.

Mzee aliamua kwamba somo lisimame hadi alisikilize mwenyewe. Wiki iliyofuata akaja, akaketi dawati la nyuma, pale pale pa mwenye simu. Nikasimulia ya mfumaji aliyemshinda mungu wa kike kwa kufuma, akageuzwa buibui kwa wivu. Wakauliza ukoo. Nikasema ni binti wa mtia rangi nguo, baba yake anajulikana na mama yake anajulikana. Mzee akacheka, akasema marehemu mama yake naye alikuwa hashindiki kwa kusuka ukili wa mikeka.

"Endelea nao, mwanangu," akasema. "Hizi wape."

Mwalimu mkuu, aliyemsindikiza, kwa furaha akaagiza mgeni na mimi tuletewe chai. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu wa taaluma na sinia, macho chini. Nikapokea kikombe changu, nikaonja. Sukari ilikuwa imekolea barabara.

"Mwalimu," nikamwambia, darasa zima likisikia, "sukari kidogo hii."