Nafasi Tupu kwenye Bodi ya Siwema

Siwema Shamte alikuwa fundi wa simu na redio pale Kilindoni, mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu. Mwani wa kisiwa cha Jibondo ulipoanza kufa kwa joto la maji msimu hata msimu, alibuni bodi ya kompyuta, ndogo kama kiganja, ya kutiwa kwenye kopo na kufungwa kwenye kigingi cha shamba ili ipime joto hilo. Mchoro wake aliuweka wazi mtandaoni: yeyote autazame, aunakili, aubadili. Kisha akavuka kwenda Jibondo kuwauliza wenye mashamba wanataka iweje.

Walimpokea vibaya. Shangazi yake, Mwanamkuu, ambaye kamba zake za mwani zilikuwa nyingi kuliko za wote, hakumwacha amalize.

"Umeshachora, umeshaunda, ndiyo unakuja kutuuliza?"

"Bado inabadilika, shangazi."

"Basi anza na tundu hili la waya. Chumvi italila kwa wiki moja. Na hizi tarakimu juani hazisomeki. Ungeuliza mwanzo tungekwambia."

Abdulswamadu, muunda majahazi, aliinyanyua bodi kwa vidole viwili.

"Kipande hiki cheusi cha nini?"

"Kinajua mahali bodi ilipo, tupate kujua shamba lipi lina joto."

"Na nani mwingine atajua?"

Wanaume wakaguna. Miaka miwili nyuma walikuja wageni kuhesabu pweza kwenye mwamba wao. Haukupita muda mwamba ule ukafungwa, wenyewe wakazuiwa kuvua.

"Wewe umetumwa," Abdulswamadu alisema. "Ukiiacha hapa nitaivunja."

Siwema aliiacha makusudi, shambani kwa shangazi yake, akarudi Kilindoni. Siku ya nne akaletewa ndani ya kiroba cha unga, imepondwapondwa.

Siwema alilia kwa ghadhabu, akaapa harudi tena. Lakini kila alipoketi kutengeneza simu za watu, maneno ya Mwanamkuu yalimrudia, kwa kuwa yalikuwa kweli. Akachora upya. Tundu la waya akaliziba kwa mpira, tarakimu akazikuza, kipande cheusi akakitoa. Akavuka tena, akautandaza mchoro mbele ya watu.

"Nimekitoa," alimwambia Abdulswamadu.

"Neno lako silitaki. Shani atatazama."

Shani alikuwa binti wa Abdulswamadu, mwalimu wa fizikia. Alishika mchoro mkono huu na bodi mkono huu, akapitia kipande kwa kipande, muda wa saa nzima. Mwisho akaweka ukucha pembeni mwa bodi.

"Hapa pana vidoa vya risasi ya kulehemu, lakini hapana kitu. Vya nini?"

Siwema aliona haya. Alikuwa ameiacha nafasi ya kile kipande, huenda siku moja wangekubali.

"Ndipo mahali pake," alisema.

"Kwa hiyo anayetaka atakirudisha kwa dakika tano."

"Ndiyo."

Mwanamkuu akatema mate mchangani. "Mtoto wa kaka yangu," alisema.

Hakuna aliyemtetea Siwema. Alichukua kalamu, akaikata nafasi ile kwenye mchoro, akaandika kando yake: imeondolewa kwa kauli ya watu wa Jibondo. Akapanda boti bila kuagwa na mtu.

Bodi ya tatu Shani aliikagua vilevile, asipate kosa. Ikafungwa kwenye kigingi cha Mwanamkuu. Joto la kaskazi lilipofika, wanawake waliona tarakimu zinapanda, wakahamisha kamba kwenye maji ya kina. Sehemu kubwa ya mwani ilipona.

Siku hizi Siwema huenda Jibondo kila mwezi. Shangazi yake humpakulia wali huku akimlaumu. Akimpita Abdulswamadu kazini pake humwambia shikamoo, na mzee huendelea kuchonga mbao zake.