Ufunguzi wa Kaka Yangu

Kaka yangu alinifundisha sataranji wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu na yeye, fundi wa reli, akakosa kazi. Tulicheza mchana kutwa, mlango umefungwa, mama akitukataza kucheka kwa sauti. Ufunguzi wake ulikuwa wa ajabu: askari wa pembeni kabisa hatua mbili mbele, kisha farasi nyuma yake, ukingoni, mahali ambapo kila mchezaji anajua farasi hana nguvu.

"Njo maana hakuna anayeujua," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo ndiyo ni njo na yuko ni iko.

Siku moja wenye bunduki walimkamata sokoni awabebee mizigo hadi Punia. Baada ya miezi miwili akarudi mmoja wa waliokamatwa naye, akatuapia kwamba alimwona akipigwa risasi na kuanguka mtoni. Tulikaa matanga bila maiti.

Mwaka huu, kwenye mashindano ya hapa mjini, nilipangiwa msichana kutoka Punia, wa miaka kama ishirini. Alisogeza askari wa pembeni. Nikadhani hajui mchezo. Kisha akatoa farasi, akamweka ukingoni.

Saa ilikuwa inakula dakika zangu, nami nalitazama tu paji lake la uso, lililofanana na la kaka.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Baba ndiye alinifundisha, mama."

"Iko wapi?"

"Iko Punia. Anatengeneza pikipiki."

Nikamtajia jina la kaka yangu.

"Njo yeye! Unamujua?"

"Mimi ni dada yake."

Akaacha kutabasamu. "Hapana, mama. Baba alisema ndugu zake wote walikufa Kindu."

Nilisimama, kiti kikaanguka. Mwamuzi alisema kitu, sikukisikia. Muda wangu uliisha nikiwa nje, nimeshikilia ukuta.

Jioni msichana alimpigia baba yake simu, akanipa. Kaka aliitambua sauti yangu.

"Nilipotoka mtoni waliniambia nyumba iliungua na ninyi ndani," akasema.

"Ulimuuliza nani? Miaka yote hii, ulimuuliza nani?"

Akasema tu, "Mama iko?"

Mama alikufa mwaka juzi. Nilipomwambia, alilia mpaka simu ikakatika.

Wiki iliyofuata alifika, mvi kichwa kizima, matope hadi magotini. Nilimshika kidevu, nikaugeuza uso wake huku na huku kama wa mtoto mgonjwa. Alikuwa yeye. Nilimpikia wali, akala, nami nikamtazama. Siku ya tatu ndipo nilipoweza kumwita kaka.